Dini zinapingana, sasa zote ni kweli, zote ni uongo, au vipi?

Swali nililoletewa, kwa kifupi: kijana amelelewa na baba Muislamu na mama Mkristo, wote anawapenda na wote ni watu wa dini kweli kweli. Sasa yuko chuo, ana rafiki anayemwambia kila siku kwamba dini zinapingana zenyewe kwa zenyewe kwa hiyo zote ni za kutunga, na akirudi nyumbani shangazi yake anamwambia asihangaike, dini zote ni kweli, Mungu ni mmoja njia tu ndo tofauti. Anauliza nani yuko sahihi. Na mwishoni kaongeza sentensi moja ambayo nahisi ndo inayomuuma hasa: "Je, mmoja kati ya wazazi wangu ananidanganya?"

Mdogo wangu, nianze na jibu lenyewe alafu nieleze. Rafiki yako amekosea na shangazi naye amekosea, ila hawajakosea sehemu moja, na kila mmoja ameshika kitu ambacho usikitupe. Dini zote haziwezi kuwa kweli kwa kila zinachosema, hilo halina mjadala. Lakini pia, na hapa ndo watu wengi wanashangaa, haziwezi zote kuwa uongo kwa kila zinachosema, na sababu ni ile ile, kwamba zinapingana.

Shida inaanzia pale tunapoiongelea dini kana kwamba ni jibu moja la mtihani unaliwekea vema au kosa. Dini ina madai mengi sana ndani yake, mengine yanamhusu Mungu, mengine ni ya historia, mengine yanahusu kinachotokea ukifa, alafu kuna amri za namna ya kuishi ambazo hata huwezi kusema ni kweli au uongo (amri ya kufunga haiwezi kuwa uongo, unachoweza kuuliza ni kama kweli imetoka kwa Mungu), na kuna sala na sherehe na namna ya kuzika watu wetu. Sasa mtu akikuambia "dini fulani ni ya kweli" muulize anamaanisha nini, kila kitu kilichomo humo? Au lile jambo kubwa la katikati? Au anamaanisha tu kwamba inawafanya watu kuwa wema? Ugomvi mwingi ninaousikia kuhusu hili unatokana na mmoja kuwa anajibu swali la kwanza wakati mwenzake anajibu la tatu.

Tuchukue dai moja tulitazame kwa karibu, na nachagua hili kwa makusudi kwa sababu liko nyumbani kwenu. Ukristo unasema Yesu alikufa msalabani na akafufuka, na Paulo hakuacha hata mlango wa kutokea, kwenye 1 Wakorintho 15:14 anasema kama Kristo hakufufuka basi kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Qur'ani 4:157 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa tu, na wafasiri walio wengi wameielewa kwamba Isa hakufa msalabani (wapo wachache walioisoma kwa namna nyingine, ila tuwaweke pembeni kwa sasa). Haya, swali la "je, alikufa msalabani?" lina majibu mangapi? Mawili tu, alikufa au hakufa. Majibu yote mawili hayawezi kuwa kweli, hilo rafiki yako analijua. Lakini geuza upande wa pili uone: hayawezi yote mawili kuwa uongo pia! Kama alikufa pale, Wakristo wamepatia kwenye hilo, na kama hakufa, Waislamu wamepatia kwenye hilo. Lazima mmoja kapatia, hakuna namna nyingine. Hata mtu asiyeamini Mungu kabisa yumo kwenye hesabu hii, anasoma Tacitus, mwanahistoria wa Roma aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, anaona ushahidi unatosha, basi kwenye sentensi hiyo moja amesimama upande wa Wakristo, na bado ufufuo haukubali hata kidogo.

Watu wa mantiki tangu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, wanatenganisha kupingana kwa aina mbili, na ukizishika hizi mbili umeshamaliza nusu ya kazi. Kuna kupingana ambako mmoja anasema ndiyo na mwenzake anasema hapana kwa kitu kile kile, hapo lazima mmoja awe sahihi na mwingine amekosea. Alafu kuna kupingana ambako watu wawili wanasema vitu visivyoweza kukaa pamoja lakini wameacha nafasi katikati. Mfano ukifa: Wahindu kwa kawaida wanasema roho inazaliwa tena kwenye mwili mwingine, na tena, na tena, wakati Waislamu na Wakristo wanasema unaishi mara moja, unakufa, unasubiri ufufuo na hukumu. Hayo hayawezi kuwa kweli yote. Ila yanaweza kuwa uongo yote, kwa mfano kama mtu akifa ndo basi tena, hakuna kinachoendelea. Kwa hiyo kabla hujasema "wanapingana" jiulize kwanza ni kupingana kupi, maana kumoja kunaacha nafasi ya wote kukosea na kwingine hakuachi.

Angalia swali kubwa kuliko yote, kama yupo Muumba wa ulimwengu. Wayahudi, Wakristo, Waislamu na Masingasinga wanasema yupo. Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India, wanasema ulimwengu haukuumbwa na yeyote, umekuwepo siku zote, na wanafalsafa wa Kibudha nao wameandika hoja ndefu kupinga Muumba. Sasa rafiki yako akisema dini zote ni uongo mtupu, kila kitu, muulize: na kwenye hili? Maana akisema hakuna Muumba, anakubaliana na Wajaini, na Wajaini ni watu wa dini. Akisema yupo, anakubaliana na wazazi wako wote wawili. Hawezi kukaa nje ya wote.

Najua atakachojibu. Atasema yeye hakumaanisha kila sentensi, kamaanisha kila dini ikichukuliwa nzima nzima. Sawa, hapo ana pointi na lazima umpe. Ukifunga madai mia moja pamoja ukasema "haya yote ni kweli", likitokea moja tu la uongo, ulichosema ni uongo hata kama tisini na tisa yako sawa. Kwa maana hiyo inawezekana kabisa kwamba hakuna dini hata moja iliyopatia kila kitu. Ila ona anachopata hapo: amepata kwamba kila dini ina kosa mahali, hajapata kwamba jambo kubwa la katikati la kila dini ni uongo, na kati ya hayo mawili kuna umbali mrefu.

Alafu kuna hili la "kwa hiyo". Zinapingana, kwa hiyo zote ni za kutunga. Bertrand Russell, mwanafalsafa Muingereza ambaye hakuwa rafiki wa dini hata moja, aliandika mwaka 1957 kwamba kwa sababu dini kubwa hazikubaliani, kimantiki haiwezi zaidi ya moja kuwa kweli. Aliishia hapo. Aliamini zote ni uongo, na tena zina madhara, lakini kwa hilo alileta sababu nyingine tofauti, hakusema limetokana na kupingana, kwa sababu alikuwa mtu wa mantiki na alijua kutoka "si zaidi ya moja" mpaka "hakuna hata moja" haufiki bila kuongeza kitu.

Nikupe mfano wa nje ya dini ambako wote walikosea kweli. Mwaka 1859 Charles Darwin alipiga hesabu kwamba mmomonyoko wa bonde moja la Uingereza peke yake ulihitaji kama miaka milioni 300. Mwaka 1862 mwanafizikia Lord Kelvin, kwa hesabu za joto la dunia linavyopungua, akasema dunia nzima ina kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na baadaye akaendelea kuishusha mpaka karibu na ile milioni 20. Wanajiolojia wakagombana naye miaka na miaka. Na wengine walikuwa wanahesabu vizazi vya kwenye Biblia wanapata kama miaka 6,000. Majibu yamepishana vibaya mno! Sasa mtu angesimama pale katikati akasema "mnapingana, kwa hiyo dunia haina umri, mmetunga wote", tungemuonaje? Dunia ilikuwa na umri wake muda wote huo, ni kama miaka bilioni 4.5, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nao. Majibu yote yalikuwa na makosa, na swali lilikuwa la kweli, na jibu lilikuwepo. Kwa hiyo hata siku ukishawishika kwamba dini zote ulizokutana nazo zimekosea, bado hujaambiwa chochote kuhusu kama Mungu yupo, umeambiwa tu kwamba hao hawajapatia.

Kuna sehemu moja hoja ya rafiki yako inapata nguvu kidogo, nisimnyime. Mwanafalsafa David Hume mwaka 1748 alisema dini nyingi zinajithibitisha kwa miujiza, na muujiza wa dini hii ukiwa ushahidi kwamba hii ndo ya kweli, basi ni ushahidi pia dhidi ya ile nyingine, na wa ile nyingine vivyo hivyo dhidi ya hii, kama mashahidi wanaotoa ushahidi unaogongana mbele ya hakimu. Hoja hiyo inauma, mimi naiheshimu. Ila hata yenyewe haifiki kwenye "zote uongo", inafika kwenye "huu ushahidi umepungua nguvu", na hakimu makini mashahidi wakigongana hasemi hakuna kilichotokea, anakaa anawapima mmoja mmoja, nani alikuwepo, nani anajikanyaga, nani ana sababu ya kusema uongo. Na muujiza kutokea kwa mtu wa dini nyingine si lazima uwe unathibitisha kila kitu cha dini yake, hilo Hume alilipita haraka mno kwa maoni yangu.

Sasa shangazi.

Shangazi ana moyo mzuri na anachotaka ni amani ndani ya familia, nami namuelewa sana. Anachosema kimesemwa na watu wakubwa. Aliyekipanga vizuri kuliko wengine wote ni John Hick, mwanafalsafa Muingereza, ambaye alihamia Birmingham mwaka 1967 akaanza kwenda misikitini, kwenye masinagogi, kwenye mahekalu ya Masingasinga na ya Wahindu, akaona watu wanafanya kile kile, wanafungua mioyo yao kwa kitu kikubwa kuliko wao na wanatoka wakiwa watu bora. Kwenye kitabu chake kikubwa cha mwaka 1989 akasema kuna Uhalisi mmoja usioelezeka, na Allah, Utatu wa Wakristo, Brahman wa Wahindu na mengineyo ni namna tofauti tofauti ambazo wanadamu wanaupokea Uhalisi huo kulingana na utamaduni wao. Nzuri kuisikia. Ila kaa ndani yake kidogo uone inakupeleka wapi. Kama Uhalisi huo wenyewe si nafsi wala si kisicho nafsi, si mmoja wala si watatu, basi Muislamu anaposema Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, akimaanisha ndivyo alivyo kweli, amekosea. Mkristo anaposema Baba, Mwana na Roho akimaanisha ndivyo alivyo kweli, amekosea. Mtu kaanza kwa kusema wote wako sahihi kamaliza kwa kuwaambia wote kwamba hawajui wanachokiabudu, na aliyepatia ni profesa peke yake. Mimi hilo nimeshindwa kulimeza mpaka leo, na baba yako na mama yako nadhani watalikataa kwa pamoja, itakuwa moja ya mambo machache wanayokubaliana kwa asilimia mia.

Ile hadithi ya vipofu na tembo unaijua? Watu wanaitumia sana kuonyesha kwamba kila dini imeshika kipande cha ukweli. Iko kwenye maandiko ya kale ya Wabudha: mfalme anakusanya vipofu, anawagusisha tembo, aliyeshika kichwa anasema tembo ni kama mtungi, aliyeshika sikio anasema ni kama ungo wa kupepetea, aliyeshika pembe anasema ni kama jembe la plau, wanaanza kubishana mpaka wanapigana ngumi na mfalme anafurahi. Lakini Buddha aliisimulia kuwasema walimu wa madhehebu waliokuwa wanagombana, kwamba hawaoni, na pale kwenye hadithi hakuna hata mmoja aliyepatia, tembo si mtungi na si ungo. Alafu yupo mmoja anayemuona tembo mzima, ambaye ni yule anayeisimulia hadithi. Anayetaka kuitumia leo atuambie yeye amesimama wapi mpaka akamuona tembo wote.

Kuna watakaokuambia kwamba huku kubana bana kwa ndiyo na hapana ni mambo ya Wagiriki, watu wa mashariki wanakubali vyote. Si kweli, na inawavunjia heshima watu wa mashariki. Wanafalsafa wa Kibudha kama Dharmakirti walibishana na Wahindu wa shule ya falsafa ya Nyaya kwa karne nyingi kuhusu kama Muumba yupo, hoja kwa hoja, na pande zote zilijua kwamba kama huyu amepatia yule kakosea. Wajaini, ambao ndo wanasifika kwa fundisho kwamba jambo lina pande nyingi na kila mtu anaona kutoka aliposimama, bado kwenye suala la Muumba walisimama kidete wakamkataa. Ibn Sina, mwanafalsafa wa huku kwa Waislamu, alisema mtu anayeng'ang'ania kwamba kitu na kinyume chake ni sawa tu apigwe, maana kwake maumivu na kutokuwa na maumivu ni kitu kimoja. Kali, lakini inaonyesha alivyolichukulia jambo hili. Na Paris mwaka 1277 askofu Étienne Tempier alipopiga marufuku mafundisho 219, aliwalaumu watu kwa kuongea kana kwamba kuna kweli mbili zinazopingana, moja ya falsafa na moja ya imani, kwa hiyo hii ya "kweli kwako, kweli kwangu" si mpya na imekataliwa na watu wa kila upande. Ukisema jambo ni kweli kwako, unachosema ni kwamba unaliamini. Sawa, tumejua unaliamini, swali la kama liko hivyo bado liko palepale.

Ila shangazi ana kitu ambacho rafiki yako hana. Madai mengi ya dini hayagongani kabisa. Usimtendee mwenzako usichopenda kutendewa utalikuta kwa Confucius, mwalimu wa kale wa Wachina, utalikuta kwa Hillel, mwalimu wa kale wa Wayahudi, Yesu analisema kwenye Mathayo 7:12 kwa upande wa kutenda. Hayo yote yanaweza kuwa kweli pamoja bila shida. Na kuna swali lingine ambalo nadhani ndo analolijibu kimoyomoyo, kwamba mtu aliyekosea kwenye mafundisho lakini anamtafuta Mungu kwa moyo wake wote atatupwa? Hilo ni tofauti na swali la ukweli, na wakubwa wa dini wamelitenganisha. Kanisa Katoliki kwenye tamko la tarehe 28 Oktoba 1965 lilisema halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu ndani ya dini nyingine, na kwenye tamko hilo hilo likaendelea kusema Kristo ndiye njia, kweli na uzima. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba wasiofikiwa na ujumbe wa Uislamu, au waliofikiwa na picha iliyopotoshwa, wana udhuru mbele ya Mungu. Wayahudi wana mafundisho ya amri saba za Nuhu, asiye Myahudi akizishika ana fungu lake katika ulimwengu ujao. Hakuna hata mmoja hapo aliyelazimika kusema dini zote ni kweli ili awe na huruma.

Huyo huyo al-Ghazali anasema akiwa kijana aliona watoto wa Wakristo wanakua Wakristo, wa Wayahudi wanakua Wayahudi, wa Waislamu wanakua Waislamu, na jambo hilo likamsumbua mpaka akaanza kutafuta ni kipi anachokijua kweli na kipi amekipokea tu. John Stuart Mill, mwanafalsafa Muingereza, naye mwaka 1859 alisema sababu zile zile zilizomfanya mtu awe muumini wa Kanisa la Uingereza kule London zingemfanya awe Mbudha au mfuasi wa Confucius kule Peking (Beijing ya leo). Wewe hili umelipata kwa namna ya pekee, umezaliwa pande zote mbili. Mahali ulipoipokea imani hapathibitishi wala hapakanushi kitu, aliyefundishwa jedwali la kuzidisha na mama yake hajakosea hesabu kwa sababu ni mama aliyemfundisha. Kinachobadilika ni kwamba huwezi tena kutoa "ndivyo nilivyolelewa" kama sababu, itabidi utafute nyingine.

Na wazazi wako. Hakuna anayekudanganya. Anayedanganya anajua ukweli na anakuficha, baba yako na mama yako kila mmoja anakupa kile anachoamini kwa dhati kwamba ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote alivyonavyo. Kwenye suala la msalaba mmoja wao amekosea, ndiyo, sikufichi, na kwenye suala la kama Yesu ni Mungu mmoja wao amekosea, wala haina maana kwamba ni yule yule kwenye kila suala wanalotofautiana. Na kwamba yupo Mungu mmoja, kwamba aliongea na Ibrahimu, kwamba utasimama mbele yake siku moja, hapo wako pamoja, kwa hiyo ama wote wamepatia ama wote wamekosea.

Kama unataka kuanza mahali, mimi ningeanza na hayo waliyokubaliana, kama yupo Muumba, maana kama hayupo ubishi wao wote unaanguka pamoja na huna haja ya kuchagua. Ukiona yupo, nenda kwenye msalaba, kwa sababu ni jambo la historia lenye mahali na wakati, soma Injili zote nne, soma Qur'ani sura ya 3, ya 4 na ya 19, soma wanahistoria wasio wa upande wowote. Mengine kama Utatu yaache kwanza, hayo yanategemea majibu ya huku nyuma. Na usikubali mtu akukimbize, wala rafiki yako wala mimi.